Dawa inateleza kwenye kabichi na vitunguu: kabla hujaongeza dozi angalia jani kwanza (uzi wa stika, ile gundi ya kuchanganya na dawa ishike kwenye jani)

Kabichi Ziwani:

Mwangaluka wakuu.

Huu uzi ni kwa ajili ya wenzangu tunaolima mboga huku kandokando ya ziwa, Kayenze, Igombe, Luchelele, Magu mpaka Ukerewe, ila na wengine karibuni maana jani la kabichi ni lile lile hata uwe Lushoto. Kila msimu kilio ni kimoja, dawa siku hizi ni maji matupu, nimepiga nimerudia na viwavi bado wanatafuna. Kinachofuata hapo kila mtu anakijua, kifuniko kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vitatu, mwisho mtu anachanganya dawa tatu tofauti kwenye bomba moja la kupulizia na bado hajapona. Sikatai dawa feki zipo, zipo na zinatuumiza sana. Ila nina uhakika mashamba mengi dawa ilikuwa nzima kabisa, tatizo haikukaa kwenye jani, ilianguka chini ikaenda kwenye udongo, mnyoo wa ardhini ndo akaipata badala ya kiwavi.

Ukitaka kuamini nenda shambani, chukua jani la nje la kabichi, lile la kijivu kijivu, lidondoshee maji. Hayatandai, yanajikusanya yanakuwa vidonge, ukiinamisha jani kidogo yanaporomoka yote na jani linabaki kavu. Sasa sugua sehemu moja kwa kidole gumba mpaka ule unga mweupe utoke, dondoshea tena. Pale uliposugua maji yanashika, pembeni yake yanakimbia. Hilo jaribio halina gharama yoyote na linakuonyesha adui wa kwanza wa dawa yako, ambaye si mdudu.

Ule unga ni nta. Mmea wa nchi kavu ngozi ya jani lake ina tabaka jembamba mno, halifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita, kazi yake kuzuia maji ya ndani yasipotee kwenye jua na kuzuia vimelea visiingie. Nta iko ndani ya hilo tabaka na nyingine inaota juu yake. Maharage na pamba nta yao ya juu haisumbui sana, maji yanatanda kirahisi. Lakini kabichi, vitunguu, njegere, mtama, na mahindi yakiwa bado machanga, nta inaota juu ya jani vijiti na vibamba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, tone likitua linakaa kwenye ncha zake na chini yake pamebaki hewa, yaani sehemu kubwa ya tone wala haijagusa jani. Magimbi ndo kabisa, watoto wote tumecheza na maji kwenye jani la gimbi. Wajerumani wawili, Barthlott na Neinhuis, mwaka 1997 walilielezea hili vizuri kwa kupima majani ya yungiyungi takatifu la Asia, wakaonyesha ni ile sura ya vijiti vya nta ndo inafanya maji yabiringike na kuondoka na vumbi lote.

Upande wa pili maji yenyewe yana tabia ya kung'ang'aniana. Nguvu ya maji kujivuta usoni kwake inapimwa, maji safi kwenye joto la kawaida ni kama milinyutoni 72 kwa mita, ni kubwa sana ukilinganisha na vimiminika vingi. Ukiweka safaktanti, ndo hii dukani tunaiita stika au gundi, zile za kawaida zinaishusha mpaka 30 na kitu hivi, za silikoni zinafika 20 na kitu kidogo. Inafanyaje? Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaokimbia maji na kupenda mafuta na nta. Ni dalali, kama wale wa Mwaloni Kirumba, anamjua mvuvi na anamjua mnunuzi, bila yeye hao wawili wanapishana. Kichwa kinabaki kwenye maji, mkia unaegemea nta, tone linalegea, linatanda, ile hewa ya chini inatolewa na maji yanagusa jani kwelikweli.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui na mimi naona ndo penye utamu. Tone likitoka kwenye nozeli, kile kichwa cha bomba kinachonyunyiza, halitui taratibu, linagonga jani, linabonyea linakuwa bapa, halafu linajivuta tena na kuruka. Hayo yote yanaisha ndani ya milisekunde chache tu. Kwa hiyo stika haitakiwi tu kuwa na nguvu, inatakiwa iwe na haraka, iwahi kufika usoni mwa tone kabla halijaruka. Na matone makubwa ndo yanaruka na kupasuka zaidi kwa sababu yanakuja na nguvu. Ukipunguza upana wa tone nusu, maji yale yale yanakupa matone manane badala ya moja, yanatua sehemu nane tofauti na hayaruki kirahisi. Ndo maana nozeli iliyolika, ile imekuwa inamwaga kama bomba la kuogea, inakuharibia kazi hata stika yako ingekuwa ya bei gani. Badilisha nozeli jamani, ni bei ndogo sana kuliko chupa ya dawa.

Ila usizidishe. Kuna kiwango ambacho uso wa maji unakuwa umejaa, molekuli za stika zinazobaki zinajikusanya zenyewe kwa zenyewe ndani ya maji, mikia ndani vichwa nje, na kuongeza tena hakushushi ile nguvu ya maji hata kidogo. Kinachoongezeka ni povu, majani kuungua na dawa kuchuruzika, maana maji yakilegea kupita kiasi hayakai tena juu ya jani yanatiririka mpaka chini. Lebo nyingi za stika za kawaida zinataka kama asilimia 0.1 mpaka 0.25, yaani bomba la lita 20 ni mililita 20 mpaka 50, za silikoni ni kidogo zaidi, mara nyingi asilimia 0.05 inatosha ambayo ni mililita 10 kwa bomba hilo hilo. Soma ya kwako usikariri ya jirani. Na ukiweka stika punguza maji unayopiga kwa eneo, ile tabia ya kulowesha kabichi mpaka inadondosha ni kumwaga hela kwenye mchanga.

Nawakaribisha kwa maswali na wenye uzoefu mwageni.

Dukani Kisesa:

Mkuu umeongea kitu cha maana sana. Mimi nauza pembejeo, mteja ukimwambia chukua na stika anaona unataka kumkamua hela, anachukua dawa anaondoka, wiki ijayo anarudi na maneno. Naomba niongeze hapo. Hizi chupa zote wateja wanaita stika lakini kazi zake hazifanani. Kuna za kutandaza tu, kuna za kunatisha ili mvua isioshe, kuna za kupenyeza dawa iingie ndani ya jani. Mtu anayepiga mankozebu kuzuia ukungu kwenye nyanya anataka dawa ibaki juu, ile dawa inafanya kazi ikiwa nje ya jani, sasa ukimpa ya kupenyeza unamharibia. Hasa hizi dawa za shaba, ukizichanganya na stika kali ya kupenyeza shaba inaingia ndani jani linaungua. Salfa na mafuta nayo usiviweke pamoja kabisa wala usivifuatanishe karibu karibu.

Kingine ni kwamba dawa nyingi za maji maji, zile ukimwaga kwenye ndoo maji yanageuka meupe kama maziwa, tayari zina safaktanti ndani. Kiwanda kimeiweka, bila hiyo mafuta ya dawa yasingechanganyika na maji. Kwa hiyo kwenye nyanya au maharage sio lazima kuongeza. Kwenye kabichi na vitunguu ndo unaona bado haitoshi.

Kabichi Ziwani:

@Dukani Kisesa asante sana mkuu, wauzaji wote wangekuwa wanaeleza hivi tungekuwa mbali. Na hapo kwenye kupenyeza niongeze kidogo. Dawa inayotakiwa kuingia ndani ya jani inapita kwenye ile nta kwa kunyonywa polepole, dawa zinazopenda mafuta zinapita kirahisi kiasi, zinazopenda maji kama glaifoseti ya kuua magugu zinahangaika sana mlangoni, ndo maana viwanda vingi vinaiuza ikiwa na safaktanti yake kabisa. Na inapita vizuri ikiwa bado mbichi, tone likikauka kazi inakaribia kusimama. Sasa piga saa saba mchana jua la Mwanza unalijua, tone linakauka kabla hujamaliza mstari. Abamektini ni mfano mzuri, jua linaivunja haraka ikiwa juu ya jani, ikishaingia ndani ya jani inakaa na kumsubiri utitiri. Hiyo nashauri jioni, na stika ya kupenyeza kama lebo yake inaruhusu.

Mama Chainizi:

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi nalima chainizi na mchicha huku Buhongwa, nimekuwa nikiweka sabuni ya unga kijiko kimoja kwenye bomba badala ya hiyo stika na naona majani yanalowa vizuri tu. Ila wiki mbili hizi naona majani yanakuwa na mabaka ya kuungua kwenye kingo. Ni sabuni au ni dawa? Na hiyo stika kwa sie wa bustani ndogo tutaipata wapi ya bei rahisi.

Kabichi Ziwani:

@Mama Chainizi marahaba ya wakubwa naiacha kwa wenyewe, mi nakuamkia mama, shikamoo. Kwanza umefanya vizuri kuuliza maana hili la sabuni ya unga liko kila mahali. Sabuni ni safaktanti kweli, kwa hiyo kulowesha italowesha, hujakosea kuona hivyo. Shida ni vile vitu vingine vilivyomo. Sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, ndani kuna magadi na vitu vya kung'arisha, maji yake yanakuwa makali, na kazi hiyo hiyo ya kutoa mafuta inaifanya kwenye jani, inakwangua nta. Jani bila nta linapoteza maji, jua likitoka kingo zinaungua, na ukungu unapata mlango. Pia ule ukali wa magadi unavunja baadhi ya dawa, zile za jamii ya malathioni na daimethoeti hazivumilii kabisa maji ya namna hiyo. Siwezi kuona shamba lako nikasema moja kwa moja ni sabuni, lakini mabaka ya kingoni baada ya kupiga na sabuni ya unga ningeanza kuishuku hiyo. Acha kwa sasa, piga mistari miwili bila sabuni uangalie majani mapya yanayotoka.

Sabuni ya maji ya vyombo ni nafuu kuliko ya unga ila nayo sio ya shamba, haijulikani ina nini na ukiikosea kipimo inaunguza. Kuna sabuni maalum za kuua wadudu mafuta, za potasiamu, hizo zenyewe ndo dawa, zinaua mdudu laini zikimgusa zikiwa bado mbichi na zikikauka basi. Kuhusu bei, ungana na wenzako wa bustani watatu wanne mnunue chupa moja mgawane, kwa kipimo cha mililita 10 au 20 kwa bomba inakaa muda mrefu sana, gharama kwa bomba inakuwa ndogo kuliko unavyodhani.

Na mama kuna jambo naomba ulishike kwa nguvu zote. Chainizi na mchicha tunakula jani lenyewe. Stika ikishanatisha dawa isioshwe na mvua, sufuria la mama nyumbani nalo halitaiosha kirahisi. Zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ni za kuheshimu bila mjadala, na ukiweka stika ndo uzidi kuziheshimu. Mimi huwa naumia nikiona mtu anapiga Alhamisi anavuna Ijumaa anapeleka sokoni. Kwa mboga ya kuchuma kila siku bora upige kidogo zaidi, utumie neti, uchague dawa zenye siku chache.

Mama Chainizi:

Ahsante mwanangu nimekuelewa. Sabuni nimeacha.

Sina Imani na Stika:

Sawa mmeongea sana lakini mimi nimelima mahindi Misungwi nimewapiga viwavijeshi vamizi bila stika wala nini na wamekufa. Naona stika ni biashara tu za watu wa maduka.

Kabichi Ziwani:

@Sina Imani na Stika mkuu uko sahihi kwa mahindi yako na nakupa sababu. Kiwavijeshi vamizi anakaa ndani kwenye faneli ya mhindi, pale katikati majani machanga yanapochomoza, wewe ukipiga juu maji yanateleza kwenye nta yanaingia chini kwenye faneli, yaani kule kule aliko mdudu. Kuteleza kumekusaidia. Ukiweka stika nyingi pale dawa inatanda kwenye majani ya nje ambako mdudu hayupo. Ndo maana sijasema stika iwekwe kila mahali, dawa za kumwagia kwenye udongo hazihitaji, majani ya maharage mara nyingi hayahitaji, na mhindi ukishakua majani ya juu yanakuwa ya kung'aa yasiyo na ile nta ya unga hivyo yanalowa yenyewe.

Ila njoo kwenye kabichi sasa. Kiwavi wa nondo mgongo wa almasi anakaa chini ya jani, ni mdogo, anatafuna kimya kimya anaacha ngozi nyembamba inabaki kama kioo. Huyu mdudu ana historia mbaya mkuu. Mwaka 1953 kule Java Indonesia waligundua DDT haimwui tena, halafu miaka ya mwisho ya 1980 kuelekea 1990 kule Hawaii akawa mdudu wa kwanza wa mazao kuonekana shambani ameizoea hata ile dawa ya bakteria, Bt. Mdudu wa namna hii ukimpa dozi nusu nusu kila wiki kwa sababu robo tatu ya dawa imeanguka chini, unamfundisha. Wanaokufa ni wale dhaifu, wanaobaki ndo wanazaa. Kwa hiyo hapa stika na nozeli nzuri na kupiga kutokea chini ya jani sio biashara ya duka, ni kulinda dawa zenyewe zisituishie mkononi. Na badilisha kundi la dawa, yaani namna inavyomuua mdudu, sio jina la chupa.

Mzee wa Pamba:

Hili la mafuta na nta wazee wa pamba huku Magu na Kwimba tumelipitia bila kujua jina lake. Zile pampu ndogo za betri zamani zilikuwa zinarusha dawa ya mafuta bila maji kabisa, ukungu mwembamba tu, na inashika. Tulivyohamia mabomba ya maji ndo tukaanza kubeba ndoo. Mtoa mada umesema kweli pamba jani lake halisumbui kama kabichi, nimelima vyote viwili.

Kabichi Ziwani:

@Mzee wa Pamba mzee wangu shikamoo, umenikumbusha kitu kizuri. Mafuta na nta ni ndugu, ndo maana yale matone madogo ya mafuta yalitanda yenyewe bila dalali. Shida ni ule ukungu mwembamba kupeperushwa na upepo, ukivuma unampata mpigaji mwenyewe na jirani yake.

Mvuvi Ukara:

Mimi sio mkulima ni mvuvi ila nafuatilia. Nauliza wenye elimu, hizo stika zikiingia ziwani samaki wanapona? Maana huku kwetu watu wanalima mpaka maji yanapoanzia na wanaosha mabomba pale pale wanapochota maji ya kunywa. Na juzi kuna kijana anasema tununue dawa ya majani tupige gugu maji lililoziba mwalo wetu.

Kabichi Ziwani:

@Mvuvi Ukara ndugu yangu hili swali lako ni la muhimu kuliko yote humu na naomba kila anayesoma alisome mara mbili.

Samaki hawaponi kirahisi. Safaktanti inafanya kazi kwenye ngozi zenye mafuta, na matamvua ya samaki ni ngozi nyembamba sana inayogusana na maji muda wote. Glaifoseti yenyewe kwa viumbe vya majini sio kali kama watu wengi wanavyodhani, kilicho kikali zaidi kwenye chupa nyingi ni safaktanti iliyochanganywa nayo, inaitwa POEA, hiyo inaua vifaranga wa samaki na viluwiluwi. Ndo maana huko Marekani kwa matumizi ya majini walitengeneza glaifoseti isiyo na POEA. Kwa hiyo chupa ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba kupigwa juu ya gugu maji pale mwaloni ni kuitupa sumu kwenye mazalia ya sato. Na hata dawa ingekuwa salama, gugu likifa lote kwa mara moja linazama linaoza, kuoza kunakula hewa ya kwenye maji, samaki wanakosa pumzi. Jani la gugu lenyewe lina nta na linang'aa, kwa hiyo kijana akiona dawa inateleza ataongeza stika, hapo ndo anaharibu zaidi. Mwambieni asifanye. Gugu maji mwaka wa 1990 na kitu lilivyotuzidi nguvu, nchi zetu tatu ziliachia wale fukusi wa Neochetina wanaolila lenyewe tu na lilipungua sana, na kwenye mwalo mdogo mikono na uma bado ndo njia nzuri, mkilitoa mlirundike mbali na maji.

Kuhusu kulima mpaka majini, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Mimi nasema hata bila sheria, hizo mita 60 ni chujio, majani na udongo vinashika dawa kabla haijafika ziwani. Dawa za jamii ya pairethroidi, hizi zinazoishia na "-thrini", tone dogo tu kwenye maji ni balaa kwa samaki na dagaa, na ukiitandaza kwa stika kwenye jani halafu mvua ya masika ikaja usiku, inaenda wapi? Inashuka.

Bomba halioshwi ziwani. Beba ndoo, chota, nenda juu shambani, osha huko, maji ya kusuuza yapige tena kwenye mimea ile ile uliyoipiga. Kwa nini tuwalishe watoto wetu sumu wakati mita mia tu kupanda juu kunatosha?

Mwanafunzi SUA:

Habari wakuu, niongezee kwenye maji yenyewe maana hamjayagusa sana. Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi, hiyo ni faida kwa stika na kwa glaifoseti. Visima vingine vya kuchimba maji yake ni magumu, utajua kwa sabuni kugoma kutoa povu, kalisi iliyomo inaishika glaifoseti na pia inaganda na sabuni ya mche, ile sabuni inakuwa utando mweupe badala ya kulowesha na nozeli inaziba. Tope nalo ni baya, glaifoseti na parakwati, nayo ni dawa ya magugu, zinashikwa na udongo wa mfinyanzi ndani ya ndoo kabla hata hazijafika shambani.

Ziwa nalo lina jambo lake. Maji yakiwa kijani, ule utando wa mwani unaojaa kwenye ghuba, mchana mwani unatumia kaboni dayoksaidi iliyomo na maji yanazidi kuwa ya magadi, pH, kile kipimo cha uchachu na magadi ambacho 7 ni katikati, inaweza kufika 9 au kupita. Stika za silikoni zinavunjika nje ya pH 6 mpaka 8 hivi, na dawa kadhaa za zamani zinavunjika kwenye maji ya magadi, kwa hiyo usichanganye dawa jioni ukaiacha ndani ya bomba mpaka kesho asubuhi. Changanya, piga, maliza. Chota asubuhi na sio pale kwenye kijani. Mpangilio wa kuchanganya: maji nusu bomba kwanza, dawa za unga zikoroge zikolee, kisha za maji maji, stika iwe ya mwisho ili isikuletee povu, halafu jazia maji.

Kabichi Ziwani:

@Mwanafunzi SUA nakupa tano mdogo wangu. Na kwa wanaotaka uhakika zaidi wa dawa ipi imesajiliwa kwa zao lipi, siku hizi mwenye jukumu hilo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa na sheria ya 2020 na kuchukua kazi za ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI ya Arusha, tuliyoizoea. Chupa isiyo na namba ya usajili usiinunue hata ukipunguziwa bei. Na sisi wa kanda ya ziwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kiko hapo hapo Misungwi, bwana shamba wa kata naye yupo, waulizeni.

Halafu glavu. Kitu kinachosaidia dawa kuvuka nta ya jani kinaisaidia pia kuvuka ngozi ya mkono wako. Naona vijana wanakoroga stika na dawa kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, inaniuma. Tumia kijiti, vaa glavu za mpira, nguo ya mikono mirefu, na bomba linalovuja mgongoni lirekebishe kabla ya kulibeba.

Kitunguu Nansio:

Mkuu nimesoma wote. Mimi ni vitunguu, tatizo langu thripsi, vile vidudu vidogo vyembamba vinavyofyonza jani. Jani limesimama, mviringo, maji hayakai hata sekunde. Nimepiga karibu kila dawa. Nifanyeje na nipige saa ngapi? Huku upepo wa ziwa mchana haukai.

Kabichi Ziwani:

@Kitunguu Nansio kitunguu ndo jani gumu kuliko yote tuliyozungumza, lina nta, limesimama na ni jembamba, kila kitu kinamsaidia tone kukimbia. Na thripsi hakai kwenye jani la wazi, anajibana katikati pale majani yanapoachana, kule ndani. Kwa hiyo wewe unataka mambo mawili, maji yashike kwenye jani na mengine yatiririke taratibu mpaka kwenye lile shina la katikati. Hapo stika ya silikoni inafanya kazi nzuri kwa sababu inajiingiza kwenye uwazi mdogo. Anza na kipimo cha chini cha lebo, nozeli ya matone madogo, presha ya wastani, elekeza katikati ya mmea na sio juu ya majani.

Saa, piga asubuhi mapema kabla upepo haujaanza kutoka ziwani, lakini subiri umande ukauke kwanza, ukipiga stika juu ya jani lenye umande unaongeza maji juu ya maji na yote yanachuruzika. Ukikosa asubuhi piga jioni upepo ukitulia, hiyo ni nzuri pia kwa nyuki maana wanakuwa wamerudi mzingani, na kitunguu cha mbegu kikiwa na maua usipige kabisa mchana. Ukiona wingu zito la mvua upande wa ziwa ahirisha.

Na kabla hujapiga shamba zima jaribu kwenye mistari michache. Piga mstari mmoja dawa bila stika, mstari mwingine dawa na stika kipimo cha chini, mwingine maji na stika tu bila dawa. Kesho yake na siku ya tatu fungua majani uhesabu thripsi walio hai kwenye mimea kumi ya kila mstari, uangalie na ncha za majani kama zimeungua. Kama mstari wa dawa na stika thripsi bado ni wengi sawa na ule wa dawa peke yake, basi hapo sio jani tena, ni mdudu ameizoea hiyo dawa au chupa ina tatizo, rudi hapa na jina la kiambato kilichoandikwa kwenye lebo tuangalie uhamie kundi gani.

Kitunguu Nansio:

Mkuu nimeelewa, kesho nafunga mistari mitatu. Nitaleta hesabu.